Mwaka Kogwa Makunduchi: kabla hujacheka ile klipu ya watu kuchapana migomba, pita hapa kwanza

#1 Kipupwe (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku.

Wiki nzima naletewa klipu moja. Ni ya sekunde ishirini na kitu: vijana wawili wanachapana mapande ya mgomba, vumbi limetanda, mmoja kavaa kofia ya pikipiki, na anayerekodi anacheka mpaka simu inatikisika. Chini wameandika "Zanzibar wamepagawa". Kwenye kundi la kazini nimetumiwa na watu wanne, na kila mmoja anauliza kama kuna ndugu yangu mle. Yumo. Yule mwenye koti jeusi la baridi ni mtoto wa mama yangu mdogo. Koti ni langu, na mpaka leo halijarudi.

Mimi ni mtu wa Makunduchi, kusini kabisa ya Unguja. Skuli nimesoma hukohuko, maisha yamenileta Dar, huu ni mwaka wa kumi na moja. Sitaki kumgombeza mtu kwa kucheka, hata sisi tunacheka. Ila hiyo klipu imekata kipande kidogo kuliko vyote. Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ni kalenda. Kuchapana ni nusu saa tu ndani ya hiyo kalenda.

Nieleze. Wengi wetu tunajua kalenda mbili: hii ya ofisini, na ile ya mwezi ambayo kwayo tunafunga Ramadhani na kusali Idd. Wazee wa pwani walikuwa na ya tatu, inayofuata jua, na mwaka wake una siku 365 kamili. Siku hizo waligawa mafungu ya kumi kumi, na kila fungu likiitwa mwongo. Ndiyo, hilihili neno ambalo leo mnaliandika "muongo" mkimaanisha miaka kumi. Kwa mkulima na nahodha lilikuwa siku kumi. Miongo 36 inakupa siku 360, zinabaki tano za kufungia mwaka. Mtu akitaka kupanda haulizi leo tarehe ngapi, anauliza huu mwongo wa ngapi. Nahodha naye akitaka kujua kusi litalegea lini, hesabu ni hiyohiyo.

Kwa nini wasitumie ya mwezi? Kwa sababu ya mwezi ina siku 354 hivi, inakimbia siku kumi na moja kila mwaka. Ramadhani inaweza kuangukia masika, baada ya miaka kadhaa ikaangukia kaskazi. Kwa ibada hakuna tatizo. Lakini mpunga haungoji mwezi kuandama.

Basi siku ya kwanza ya hiyo kalenda ndiyo Siku ya Mwaka, wengine huita Nairuzi. Kukoga ni kuoga: unaukoga mwaka, unautoa uchafu wake. Zamani asubuhi yake watu walishuka baharini, na wapo wanaoshuka mpaka sasa. Siku hizi inaangukia karibu na tarehe 23 au 24 Julai, katikati ya kipupwe, wakati upepo wa kusi unavuma mpaka asubuhi unatafuta shuka la pili.

Sasa siku yenyewe. Usiku kucha kuna ngoma. Asubuhi watu wanajaa Kae Kuu, uwanja wenye vumbi jekundu na miti ya kivuli pembeni. (Kae maana yake kale, na lahaja yetu ndiyo Kikae. Mtu wa mjini akiwasikia wazee wetu wawili wanaongea huwa anatabasamu tu, hajaambulia neno.) Wanaume wanagawana pande mbili, wa kaskazini na wa kusini. Mapande ya mgomba yamekatwa tangu jana. Zamani, wanavyosimulia, zilikuwa bakora na magongo, na watu waliumia kweli, ndiyo mgomba ukachukua nafasi. Mgomba ni maji matupu. Ukikupata mgongoni unatoa mlio kama wa mtu kafua blanketi akalibwaga juu ya jiwe, "pwaa!", na unavunjika wenyewe. Kinachouma hasa ni utomvu, maana ukishakauka kwenye nguo unakuwa kahawia na hautoki kwa sabuni ya aina yoyote. Ndiyo maana watu huvaa makoti ya kuazima.

Mwenye kinyongo na jirani yake tangu mwaka jana, mpaka wa shamba, mbuzi kala muhogo, maneno ya kijiweni, anamtafuta palepale. Wanapigana mpaka wachoke. Ikishakwisha, imekwisha, na ole wako uibebe kesho. Mimi nilichapwa nikiwa na miaka kumi na sita na mtu niliyemwimba kwenye mpira kuwa hajui kufunga. Hatujawahi kuzungumzia habari hiyo tena, na harusi yake nilisimamia mimi.

Halafu wanawake wanaingia wakiimba, wamependeza. Halafu kinajengwa kibanda cha makuti, mzee mmoja anaingia ndani, wanakitia moto, naye anatokea upande wa pili mbio kabla hakijaporomoka. Kibanda kinawaka dakika chache tu, makuti makavu unayajua. Watu wanatazama moshi umeelekea wapi, wapo wanaousoma kuwa ndiko baraka ya mwaka iendako. Mwaka wa zamani umeungua, rudini majumbani mkale.

Na hapo kwenye kula ndipo mwenyeji anapopata wasiwasi. Kwetu, kukaa siku ya Mwaka bila mgeni mezani ni mkosi. Mtu atatoka barabarani akamate hata dereva wa daladala.

Sikukuu zinaendelea kama siku nne. Haya, wa visiwa vyengine na vyenu vileteni. Na wenye maswali waulize.

#2 MbeziMwisho

Mkuu umeandika vizuri, naomba radhi, mimi ni mmoja wa waliocheka.

Ila niwape na kisanga changu. Mwaka fulani nilikuja Unguja likizo na mke wangu, tukakutana na kijana mmoja maeneo ya Forodhani, akatuuzia "tiketi ya Mwaka Kogwa". Karatasi ngumu, ina mhuri na picha ya mnazi. Tukalipa wawili, tukapanda gari yake. Tumefika uwanjani natafuta geti la kuonesha tiketi, hakuna geti. Hakuna hata kamba. Nimesimama na tiketi zangu mkononi kama mtu aliyekosea harusi. Mzee mmoja akazichukua akazitazama, akamuita mwenzake, wakazitazama wote. Akaniuliza, "Hii umeambiwa unaiingilia wapi?" Kisha akanishika mkono akanipeleka nyumbani kwake, tukala mpaka saa kumi.

Tiketi ninazo mpaka leo.

#3 Kipupwe

😂😂 Mkuu, huyo mzee alikushukuru moyoni. Ulimwondolea mkosi.

#4 IbnNg'ambo

Assalaamu alaykum. Naisifu lugha ya mleta mada lakini kuna jambo hatulisemi. Sisi Waislamu Idd zetu ni mbili. Kuwasha moto, kuingia kibandani, kusoma moshi umekwenda wapi, haya ni mambo ya waabudu moto wa Uajemi wa kale. Kuyapamba kwa jina la utamaduni hakuyabadilishi. Mimi babu yangu katokea Bwejuu na hakuwahi kutia mguu pale.

#5 Kipupwe

Wa alaykumu salaam, sheikh. Nimekuelewa na sitabishana nawe kwenye fiqhi, si uwanja wangu. Nikwambie tu ilivyo kijijini. Wapo wazee wetu, tena wa msikitini safu ya mbele, ambao siku hiyo hawaendi Kae Kuu. Hakuna anayewagombeza. Na wapo wazee wa safu hiyohiyo wanaokwenda, na dua inasomwa. Ila wote wawili wanapika. Asiyekwenda uwanjani naye ana mgeni wake mezani adhuhuri. Babu yako wa Bwejuu, nakuhakikishia, siku hiyo hakulala na njaa kama alikuwa na jamaa Makunduchi.

#6 HesabuTu

Nimepita kwa ajili ya kalenda, migomba sina utaalamu nayo.

Jambo ambalo mleta mada amelipita haraka: mwaka wa siku 365 kamili hauna ile Februari ya siku 29. Kwa hiyo kila miaka minne Siku ya Mwaka inarudi nyuma siku moja kwenye kalenda ya ofisini. Miaka arobaini, siku kumi. Miaka mia na ishirini, karibu mwezi mzima. Mwenye bibi aliyekuwa msichana miaka ya 1960 amuulize, atasema Mwaka ulikuwa Agosti, na hakosei. Mpaka izunguke misimu yote irudi ilipoanza ni kama miaka 1,500.

Wairani Nairuzi yao iko palepale, tarehe 20 au 21 Machi, kwa sababu wao waliirekebisha ifuate jua sawasawa. Ndiyo maana mtu anaposema "hii ni sikukuu ya Iran" huwa namuuliza mbona zimepishana miezi minne. Jina ni la Kiajemi, halina ubishi: *nau* ni mpya, *ruz* ni siku. Lakini kilichobaki kwetu ni mtindo wa zamani, wa kabla ya marekebisho. Na wenzetu walionao bado wapo: Maparsi wa India, watu wa dini ya Zarathushtra iliyotoka Uajemi. Kalenda yao ni miezi 12 ya siku 30 halafu siku tano za nyongeza, 365, bila nyongeza ya kila miaka minne. Mwaka mpya wa wengi wao siku hizi unaangukia katikati ya Agosti, na kundi jengine dogo katikati ya Julai. Wetu uko hapo katikati.

Na kumbukeni Maparsi waliishi Zanzibar. Farrokh Bulsara, aliyekuja kujulikana duniani kama Freddie Mercury, alizaliwa mjini Zanzibar mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi. Sisemi Mwaka wameuleta wao, la. Mwaka ni mkongwe zaidi, uko pwani nzima, umekuja na mabaharia na hesabu zao za pepo. Nasema tu kwamba palikuwa na wakati ambapo ndani ya kisiwa kimoja waliishi watu wa Kae na watu wa dini ya Zarathushtra, kila mmoja akihesabu siku 365 zake, pengine bila ya kujuana.

Kuhusu Washirazi, wale wanaosimuliwa kuwa walikuja pwani kutoka Shiraz ya Uajemi, siku hizi wanahistoria wengi hawaamini tena kwamba majahazi yalishusha watu wengi kutoka Shiraz. Lakini ushahidi wa mafungamano upo. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, mwendo mfupi tu kutoka Makunduchi, una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107.

#7 Kipupwe

HesabuTu, nimesimama kukupa mkono. Nakuongezea moja. Kwa kuwa 365 ni wiki 52 na siku moja, Siku ya Mwaka inasogea siku moja ya wiki kila mwaka, haikosei. Ikiwa mwaka huu Jumanne, ujao ni Jumatano, wa pili yake Alhamisi. Bibi yangu hakujua kazaliwa mwaka gani wa kizungu lakini alijua kazaliwa "mwaka Jumatano". Ukijua mdogo wake ni wa mwaka Ijumaa, basi bibi amempita miaka miwili au tisa, na ukimtazama usoni unajua ni ipi. Wakati wa kuandikisha vitambulisho yule karani alitaka kulia.

#8 MamaMwani

Uzi mzuri lakini umeandikwa na mwanamme.

Nimehesabu. Kuchapana umepewa aya mbili, utomvu umeelezwa mpaka sabuni, koti limetajwa. Wanawake tumepewa mstari mmoja: "wanaingia wakiimba, wamependeza". Haya mwanangu, kaa chini.

Mwaka unaanza kwetu miezi miwili kabla. Mimi nalima mwani, na huku upande wa mashariki wengi wetu tumeanza kuulima tangu 1989 ulipoletwa. Ile pesa ya mwani, kidogo kidogo, ndiyo inayonunua nguo ya Mwaka. Kwanza tunachagua kanga, kundi zima moja, na hapo tunagombana zaidi ya hao wa migomba. Mwaka huu tulikaa vikao vitatu. Wengine wanataka nyekundu, wengine wanaona nyekundu imeshavaliwa na watu wa mtaa wa pili mwaka juzi, halafu kuna jina la kanga, lazima liwe linamwendea mtu. Kanga bila jina lenye kuchoma utaivalia nini siku ile?

Nyimbo nazo zinatungwa. Hazishuki mbinguni. Jioni tukirudi pwani, tumekaa kwenye baraza tunatoa mawe kwenye mchele, mmoja anatoa mstari, mwengine anaukata, anasema hapo umemtaja waziwazi, funika kidogo. Tunafunika. Lakini tunafunika kwa kanga nyepesi, mwenye kuambiwa ajijue. Siku ile ulimi hauna kesi. Yale ambayo mwanamke hawezi kuyasema mbele za watu mwaka mzima, ya chumbani, ya mume mvivu, ya mtu mzima anayezunguka na wasichana, yanaimbwa mchana kweupe uwanjani, tumekamatana mikono tunazunguka, na wanaume wanatazama chini.

Kuna mwaka tuliimba mtu mmoja mkubwa mkubwa aliyeahidi kikundi chetu mashine ya kusagia mwani, miaka miwili kimya. Hatukumtaja jina. Tuliimba habari ya mashine inayokuja kwa miguu kutoka mjini, leo imefika Tunguu, imechoka, imekaa chini ya mwembe. Uwanja mzima ulimgeukia. Mashine ilifika kabla ya mwezi kwisha, na haikuja kwa miguu.

Na baada ya hapo nani anapika? Hao mabondia wenu wanarudi wamelala chali wanataka maji. Sisi tuko jikoni tangu alfajiri. Wali wa nazi, pweza wa nazi, samaki wa kukaanga, mikate ya kumimina. Pweza tumempiga pwani siku moja kabla mpaka amelainika, na kwa taarifa yenu pweza hupigwa kweli, si kwa mgomba.

#9 MbeziMwisho

Nimekaa pale kwenye baraza, natoa mawe kwenye mchele kimyaaa.

#10 Kipupwe

Shikamoo mama. Nimekosa, nimekubali. Hiyo ya mashine naikumbuka, nilikuwa uwanjani, nilikuwa sijui kwamba mlikaa kuitunga. Mimi nilidhani ilikuja palepale.

#11 MamaMwani

Marahaba. Mlidhani hivyo kwa sababu ndivyo tulivyotaka mdhani.

#12 MseweWaChake

Wapemba tumo. Kwetu Mwaka haupigiwi ngoma kama Kusini, lakini tuna yetu.

Mchezo wa ng'ombe. Msiufananishe na ule wa Hispania mnaouona kwenye televisheni, kwetu dume halitiwi kisu. Limefungwa kamba, mchezaji analichokoza kwa kitambaa, linakuja, anapisha. Zumari inalia, wanawake wanaimba kumpandisha ari, watoto wote wako juu ya miembe kwa sababu chini si pa kuaminiwa. Ukimwona mtu mzima wa miaka hamsini anapanda mwembe na kanzu yake, jua kamba imekatika. Watu wengi wanasema ni athari ya Wareno waliokuwa huku karne ya 16 na 17. Mimi naona hata kama wao ndio walioanza, kumwacha ng'ombe hai arudi zizini kwake jioni ni akili ya Kipemba. Kesho ana kazi.

Halafu kuna kibati. Watu wawili wanajibizana kwa maneno ya haraka juu ya ngoma, wanabuni palepale, mmoja akinyamaza kidogo tu ameshindwa. Vijana mnaoshindana kufokafoka studio, njooni Pemba mumsikilize mzee asiye na jino hata moja.

Na jina langu msewe ni ngoma ya wanaume, ile misewe inafungwa miguuni, inalia kila ukikanyaga. Wachezaji kumi wakikanyaga pamoja unaisikia kifuani.

#13 MvitaWaKale

Nduzangu, nami niseme kutoka Mombasa. Mwaka si wa Makunduchi peke yao, hata kwetu ulikuwapo na masalia yake yapo. Wazee wa miji walizungusha ng'ombe mjini, dua yasomwa, kisha ng'ombe achinjwa penye kaburi la Shehe Mvita, nyama ikagawanywa. Lamu nao na visiwa vyake walikuwa na kuzungusha ng'ombe. Nyanya yangu alituhadithia kuwa usiku wa kuamkia Mwaka moto wa jikoni wazimwa kabisa, jivu latupwa, asubuhi wawashwa moto mpya. Mtoto akicheza na jivu usiku ule apata kofi.

Kuchapana na migomba lakini hatukuwa nako. Hayo tawaachia.

#14 HesabuTu

Moto wa zamani kuzimwa na mpya kuwashwa, kwengine kibanda kuchomwa, kwengine bahari. Mvita umenipa kitu cha kufikiria usiku huu.

#15 IbnNg'ambo

Nimerudi. Msimamo wangu ni uleule juu ya moshi. Lakini nimempigia simu mama yangu kumuuliza habari ya babu na Makunduchi. Kasema babu kweli hakuwa akienda uwanjani. Alikuwa akifika saa saba mchana, kwa baiskeli kutoka Bwejuu, kwa rafiki yake, wanakula, wanasali laasiri pamoja, anarudi. Kila mwaka. Mama kasema baiskeli ilikuwa ikirudi na ndizi nyuma.

Sikuijua habari hii.

#16 Kipupwe

Sheikh, ndizi za nini, za ile migomba 😂. Shina limekwenda uwanjani, mkungu umebaki. Mungu amrehemu babu.

#17 MkoaniDaima

Mimi naleta ukali kidogo. Nyote mnasimulia kwa raha lakini tazameni mbele. Kila mwaka kamera zinaongezeka. Mwaka niliokwenda mimi, wapiga picha walikuwa wamesimama katikati ya uwanja, wapiganaji wanawazunguka wao. Mmoja alikuwa akiwaelekeza vijana "rudieni, sikupata vizuri". Na vijana wakarudia! Kinyongo cha mwaka mzima kinarudiwa mara ya pili kwa ajili ya picha? Kibanda nacho kilicheleweshwa kuwashwa, tukaambiwa mgeni rasmi hajafika. Mwaka mpya unamsubiri mtu ashuke kwenye gari.

Mjini tuna tamasha la muziki la Sauti za Busara tangu 2004, tuna tamasha la filamu la majahazi tangu 1998, sina ugomvi nayo, yale yalizaliwa yakiwa matamasha, yana jukwaa na tiketi halali (pole MbeziMwisho). Mwaka haukuzaliwa hivyo. Mkiupa jukwaa mtauua.

#18 Kipupwe

Mkuu hapo umegusa donda. Hiyo ya "rudieni" nimeiona kwa macho yangu. Vijana nao usiwalaumu sana, aliyekuwa anaelekeza alikuwa ametoa elfu kumi.

Mimi ninavyoona, uwanja unaweza kuharibika na Mwaka ukabaki. Kinachoniogopesha ni kitu chengine. Nilipokuwa mdogo palikuwa na wazee kadhaa mtaani kwetu ukiwauliza leo ni mwongo wa ngapi wanakujibu bila kutazama popote. Ukimuuliza wa kwanza na wa pili, majibu ni mamoja. Mwaka huu nimejaribu. Nimewauliza watu wazima saba. Watano walitoa simu mfukoni wakaniambia tarehe ya Julai. Mmoja alisema "wanajua wazee". Wa saba ndiye mzee mwenyewe, alikunja vidole, akanyamaza, akakunja tena, akasema: "Jana nlikuwa nnajua."

Siku yenyewe sasa inatangazwa redioni. Ikifika watu wanakuja, wanachapana, wanaimba, kibanda kinaungua. Lakini wanaohesabu kutoka mwongo wa kwanza mpaka wa thelathini na sita, kisha zile tano, ni wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hilo halina klipu.

Nimenunua daftari. Nilikaa kwa yule mzee siku mbili nzima, nikaandika anachopanda mwongo upi, samaki gani anaonekana mwongo upi, kusi linalegea lini. Miongo kumi na minne imejaa. Mengine kasema tutakutana akikumbuka, na amenipa masharti nisimpigie simu, nije mwenyewe.

#19 HesabuTu

Hilo daftari lipige picha kila ukurasa, uweke na mahali pengine. Nakuomba.

#20 MseweWaChake

Wapemba wavuvi wa Kojani wana hesabu zao pia. Ukimaliza ya Kae, njoo. Nauli ya boti juu yangu kwenda, kurudi juu yako.

#21 MbeziMwisho

Wakuu, mwakani nakuja na familia nzima, safari hii bila tiketi. Tarehe ni ipi hasa? Na nilete nini?

#22 Kipupwe

Tarehe hairuki, inarudi nyuma siku moja tu ile Februari ya siku 29 ikishapita, na ya karibuni ilikuwa 2024, inayofuata ni 2028. Kwa hiyo weka ratiba kati ya tarehe 22 na 25 Julai, ulizia kwa wenyeji wiki moja kabla. Kutoka mjini panda daladala ya Makunduchi, mwendo wa saa moja na nusu mpaka mbili kutegemea dereva ana haraka kiasi gani. Ukiona majumba ya ghorofa katikati ya shamba, umefika. Lala palepale ukiweza, maana usiku wa ngoma ndio mtamu. Wanawake wajifunike vizuri, watoto wakae upande wa miti. Kamera mfukoni mpaka umeshakula kwa mtu, baada ya hapo muulize mwenyeji wako.

Cha kuleta sijui, muulizeni mama.

#23 MamaMwani

Lete njaa. Na mkeo mwambie aje siku mbili kabla, ana kazi ya kuchambua mchele na sisi, na mstari mmoja lazima autoe.

Na wewe Kipupwe. Nilikuwa nasoma tangu juzi nikisema huyu simjui, mpaka ulipotaja koti mara ya kwanza nikatilia shaka, na ulipotaja daftari nikathibitisha, maana huyo mzee uliyemkalisha siku mbili ni jirani yangu na alikuja kunilalamikia kuwa umemmalizia kahawa. Mimi ndiye huyo mama yako mdogo. Koti liko kwangu. Mwanangu alilileta limejaa utomvu, nimelifua mara tatu, halivaliki mjini tena. Nalivaa mimi alfajiri nikiteremka kwenye mwani, kipupwe hichi ni kikali. Ukilitaka, njoo ulichukue pwani maji yakitoka.